Mkasi wa Kavata

Fundi Muthama wa Kanyangi alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na sheria hiyo iliudhi soko zima. Hakati kitambaa kabla ya kumpima mvaaji mwenyewe. Usimletee gauni kuukuu aige. Usimwambie dada yako ni mnene kiasi chako, labda tu ukiondoa tumbo. Usimletee hata mchungaji akuombee. "Mtu si gunia," angekwambia, miwani imemshuka puani. "Mlete asimame hapa." Na kama mwenyewe yuko Mombasa, basi ngoja arudi, au peleka kitambaa chako kwa fundi mwingine, kwaheri ya kuonana.

Ndiyo maana watu walicheka walipoona kile kitambaa cha zambarau. Yadi nne, kimekunjwa ndani ya nailoni, kimewekwa rafuni juu ya cherehani yake kwenye baraza la duka la Shamso. Kilikaa hapo tangu mwaka wa sabini na tano. Wasichana waliokuja kushonewa sare za kwaya walikiulizia, wakaambiwa kina mwenyewe. Mwenyewe nani? Kavata, binti yangu. Yuko wapi? Uingereza. Anarudi lini? Hapo Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, trrrr, kana kwamba hajasikia.

Kitambaa hicho alikinunua Kalunde, mkewe, kwa pesa za vyondo, vikapu alivyosuka msimu mzima, mwaka uleule aliokufa. "Cha Kavata, akimaliza shule," alisema. Maskini Kalunde, hakujua kwamba kuna shule zisizoisha! Mtoto alimaliza ya msingi, akamaliza ya upili kule Mbooni kwa wajomba zake, akamaliza chuo kikuu, na kabla baba hajaitoa tepu shingoni ampime, akapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. "Utanishonea nikirudi, Nau," alimwambia, maana hivyo ndivyo alivyomwita baba yake kwa Kikamba, kama alivyomwita mama yake Mwaitu. "Sasa hivi utanipima bure. Naenda kunenepa kwa viazi vya Wazungu." Wakacheka wote wawili. Basi baba akakaa kusubiri, na kusubiri huko kukawa kazi yake ya pili.

Kavata alisomea nini? Sokoni waliamini anasomea ushonaji, kwa sababu kila Fundi alipoulizwa alijibu kifupi, "Anatengeneza mkasi." Shamso mwenye duka, au Mama Abdiya, mjane ambaye baba yake alifika na mbuzi wa kuuza kutoka Garissa akasahau kuondoka, alicheka siku moja hadi akashika mlango.

"Miaka sita, Fundi! Mkasi! Si angekuja hapa nimpe mmoja wa bure?"

"Si mkasi wa nguo, Mama Abdiya."

"Ni wa nini? Wa kukata kwato?"

Fundi akarudi kwenye cherehani, na si kwa kiburi. Alijua lakini hakujua namna ya kulisema jambo lenyewe mbele ya watu wanaonunua sukari. Barua zote alizisoma mwenyewe, peke yake, na ile ya mwaka wa themanini na tisa alikuwa ameisoma mpaka mikunjo ikatoboka.

"Nau mpendwa," iliandikwa hivyo, "ndani ya kila kilicho hai kuna uzi mwembamba mno unaoitwa RNA. Umetungwa kwa herufi nne tu, A, U, G na C, moja baada ya nyingine kama shanga. Ule ugonjwa unaokunja majani ya kunde zetu, virusi vyake vimeandikwa kwa uzi huo. Ukiukata mahali panapofaa, ugonjwa hausomeki tena. Mimi nabuni mkasi wa kuukata. Ni kimeng'enya ambacho hakikuota porini. Tunakichora kwanza kwenye karatasi, halafu tunakiunda, na chenyewe pia ni kipande cha RNA. Makali yake yako katikati, na hukata baada ya herufi tatu zinazofuatana, G, U, C. Lakini GUC ni nyingi kwenye uzi, Nau. Kwa hiyo mkasi nimeuwekea mikono miwili, mmoja huku, mmoja huku, ya kuwapapasa majirani wa hiyo GUC ninayoitaka. A hushikana na U, G hushikana na C. Mikono ikilingana na majirani, mkasi unakata. Isipolingana, unapita zake. Unapima kabla ya kukata, kama wewe."

Kama wewe. Mzee alipofika hapo kila mara alivua miwani akaipangusa, hata kama haikuwa na vumbi.

Mkasi huo, hata hivyo, ulimtesa Kavata. Wa kwanza aliutengeneza na mikono mifupi, ukateleza, haukushika uzi. Akairefusha. Huu ukashika, ukakata mara moja, halafu ukagoma kuachia. "Mkasi mmoja unatakiwa ukate, uachie, uende kwa uzi mwingine, na mwingine," aliandika. "Wangu unang'ang'ania vipande vyake kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nimepoteza mwaka mzima hapo." Fundi aliifikiria barua hiyo siku nne, akajibu kwa mwandiko wake wa kuinama. Mwanangu, alisema, mimi sijui mambo ya uzi wako, lakini nguo inayobana kwapani mtu huivaa vizuri, shida inakuja wakati wa kuivua. Punguza mikono kidogo kidogo, usipunguze kwa pupa.

Kavata alijibu kwamba amecheka mpaka wenzake wakamtazama, na kwamba atajaribu herufi saba kila upande. Kisha akaandika maneno ambayo mzee aliyashika kwa moyo. "Kazi iliyobaki ni hiyo tu. Kuna kituo cha utafiti wa mimea upande wa Makueni, ukipita mji wa Wote, wananingoja. Mkasi ukikata, Nau, nakuja Desemba, na nakuja kabisa. Ukikataa, itabidi nikae miaka miwili mingine. Nitapiga simu dukani kwa Shamso. Niombee."

Sasa hapa kuna jambo ambalo Kavata hakuambiwa. Baba yake alikuwa anapofuka. Presha ya macho, walimwambia kliniki mjini Kitui. Dunia ilikuwa imemfungia pande zote, akaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bua la mpapai. Uzi aliutunga kwenye sindano kwa ulimi na vidole. Daktari kijana alimshika bega, akasema dawa ya matone inachelewesha lakini hairudishi, na kwamba Krismasi ya mwaka huo wa tisini na tatu huenda ikamkuta gizani. Shamso alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemtilia matone, na aliapishwa asiseme.

"Mwambie mtoto," Shamso alimgombeza kila asubuhi, amemlaza kichwa nyuma. "Ni haki yake."

"Ataacha kazi yake katikati akimbie hapa. Halafu itakuwaje? Aje kunishika mkono miaka yote akijua mimi ndiye niliyemkatizia?"

"Na wewe je?"

"Mimi nangoja Desemba."

Alikuwa na hamu ya binti yake, tuseme tu ilivyo. Hamu ilimshika akinywa chai, ilimshika akipiga pasi, ilimshika kanisani wakati mwimbo anaoujua ulipoanza na sauti ile ya pembeni ikakosekana. Wala hakutaka makubwa. Alitaka kumwona Kavata amesimama kwenye lile baraza, amevaa zambarau ya mama yake, mara moja tu, macho yakiwa bado yanaona. Baada ya hapo, alimwambia Mungu wake waziwazi, achukue.

Simu ikaja katikati ya Novemba, siku ya Jumatano, na bahati mbaya ilivyo, Fundi alikuwa kliniki. Shamso aliipokea. Laini ilikuwa mbaya, sauti inakuja na kuondoka, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa analia.

"Shangazi Shamso! Mwambie Nau mkasi umekata!"

"Umefanya nini?"

"Umekata! Mwambie hivyo tu, atajua, mwambie..." Na simu ikafa.

Shamso alibaki ameshika mkonga. Mkasi umekata? Umekata nini? Mkasi hukata kila siku, hakuna mtu mwenye akili timamu anayepiga simu kutoka Ulaya kusema mkasi umekata. Na mtoto analia vile! Lakini gari hukataa. Jiko hukataa. Hata hiyo simu yake ilikuwa inakataa mara tatu kwa wiki. Akaelewa, au alidhani ameelewa. Akararua kipande cha karatasi ya sukari, akaandika kwa herufi kubwa ili mzee aweze kusoma: KAVATA AMEPIGA. ANALIA SANA. MKASI UMEKATAA.

Fundi alirudi alasiri. Alikipeleka kile kikaratasi juani, akakisogeza karibu na jicho la kulia, herufi moja, herufi moja, mpaka mwisho. Akakikunja akakitia mfukoni mwa shati. Alikaa kwenye stuli yake mpaka maduka yakafungwa, na Shamso akaacha wateja wake akaja kukaa naye.

Kesho yake asubuhi alikiteremsha kitambaa cha zambarau.

"Fundi," Shamso alisema. "Unafanya nini?"

"Nakata."

"Bila kumpima?"

"Miaka miwili sina, Mama Abdiya. Hata miezi miwili sina. Nitakata sasa, wewe utanisaidia kufunga kifurushi, tumtumie."

Lakini akate kwa vipimo gani? Vya Kavata alikuwa navyo vya kidato cha pili tu, vya sare ya shule. Ndipo akavuta kutoka chini ya cherehani daftari lake la zamani lenye jalada jekundu, la mwaka wa sitini na nne, akapekua mpaka kwenye jina la Kalunde. Alikuwa amempima Kalunde kwa gauni la kusimamia harusi ya dada yake, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa, na alichanganyikiwa hata akaandika kiuno mara mbili. Kalunde wakati ule alikuwa na miaka ishirini na minane. Kavata sasa alikuwa na miaka ishirini na minane. Mtoto alikuwa na sura ya mama yake tangu akiwa mgongoni, kila mtu alisema hivyo.

"Basi nitampima kupitia kwako," alimwambia mkewe, kwa sauti, bila kujali kwamba kuna mteja anapimiwa mafuta ya taa.

Kazi ya nusu saa ilimchukua siku tatu. Alikata saa sita mchana tu, jua likiwa juu, Shamso ameshika nguo upande mmoja. Alichora kwa chaki, akasogeza uso hadi pua ikagusa kitambaa, akakata kipande cha urefu wa kidole, akasimama, akatafuta mstari tena. Machozi yalimtoka, akasema ni yale matone. Bega, kiuno, nyonga, mikono, yote ya Kalunde. Kwa kuwa alikuwa amevunja sheria yake, aliacha kitambaa kingi cha akiba ndani ya pindo, hata la mikono, kwa aibu tu. Siku ya saba gauni likawa tayari, likapigwa pasi, likafungwa kwa gazeti. Siku ya kumi jicho la kulia likazima, na la kushoto likabakiza mwanga na vivuli.

Kifurushi hakikupelekwa posta wiki hiyo kwa sababu mvua ilikata barabara. Wiki iliyofuata Shamso alikuwa anakwenda mwenyewe. Alikuwa amekishika mkononi, amefunga ushungi, anatoka mlangoni, ndipo alipopiga ukelele uliowatoa watu kwenye vibanda.

"Wallahi! Fundi! Wallahi huyu ni Kavata!"

Muthama alisimama, stuli ikaanguka. Mbele yake kulikuwa na mwanga wa barabara, na katikati ya mwanga kivuli kirefu kilichotua sanduku chini.

"Nau," kivuli kikasema.

Alijua sauti. Angeijua hata akiwa kaburini. Lakini neno la kwanza lililomtoka, baada ya miaka sita, lilikuwa hili, "Si mkasi ulikataa?"

"Nani kasema? Ulikata! Ulikata, Nau, ukaachia, ukaenda ukakata mwingine! Herufi saba kila upande! Nilipiga simu nikasema. Nimeandika na barua pia, haijafika?" Barua ilifika, ndiyo, wiki moja baada yake.

Muthama alitoa kile kikaratasi mfukoni, bado kilikuwa mle, akakinyoosha kuelekea kwenye sauti. Alikinyoosha pembeni kidogo ya pale Kavata aliposimama. Kavata alikitazama kikaratasi, kisha akautazama ule mkono uliomkosa, akasogea polepole mpaka mbele ya uso wa baba yake, na macho ya baba hayakumfuata.

"Tangu lini?" aliuliza.

Shamso alikichukua kile kikaratasi mkononi mwa mzee.

"Nau, tangu lini? Mbona hukuniambia? Ningekuja! Ningeacha yote nije!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Hapo Kavata akakasirika kwelikweli, akalia kwa hasira, akampiga baba yake kifuani kwa kiganja kama alivyofanya akiwa mdogo, na mzee akasimama tu apigwe, kwa sababu hata vipigo hivyo alikuwa na hamu navyo. Shamso naye alikuwa ameketi chini kwenye kizingiti, kikaratasi mkononi, ameshaelewa.

"A moja," alisema. "A moja tu niliongeza. Mtoto amesema umekata, mimi nikaandika umekataa. Fundi, nisamehe. Nimekufanya uvunje sheria yako. Nimekufanya ukate."

Muthama akageuka upande wake. "Nyamaza, Mama Abdiya. Ungeandika sawasawa, ningengoja nimpime. Leo ningekuwa nimekaa hapa na kitambaa kizima, na macho sina. Hiyo A yako ndiyo iliyoshona hilo gauni." Akanyoosha mkono. "Mpe alivae."

Kavata alivaa kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya magunia ya sukari na madebe ya mafuta. Alipotoka, wanawake waliokuwa wamekusanyika barazani walimtazama, na wakubwa kati yao, wale waliomjua mama yake, wakaanza kulia. Mzee alisikia kilio hicho, akajua kinahusu nini.

"Sogea hapa," alisema. "Simama wima. Usivute tumbo."

Akampima, mara ya kwanza tangu sare ya kidato cha pili, kwa mikono bila tepu. Mabega, sawasawa. Mshono wa ubavu, sawasawa. Kiuno kilikaa pale kilipokaa mwaka wa sitini na nne, hakikuzidi hata unywele, na hapo mzee alitabasamu peke yake. "Mama yako kabisa," alisema. Kisha viganja vyake vikateremka kwenye mikono ya gauni, kwapa, kiwiko, chini, chini, na ghafla kitambaa kikaisha na mkono ukaendelea. Alisimama. Akapima kwa vidole. Vidole vinne vya ngozi tupu. Akapima mkono wa pili. Vinne.

"Nimekosea," alisema. "Miaka thelathini sijawahi kukosea mkono wa nguo."

"Uliniambia nipunguze mikono ya mkasi, Nau," Kavata alisema, anacheka na kulia kwa pamoja, "naona umepunguza na yangu."

"Usinichekeshe. Nilifuata daftari. Nilifuata kila inchi ya mama yako."

"Najua." Alimshika baba yake mkono, akaukunja, akaweka kiwiko chake juu ya kiwiko cha baba, ngozi kwa ngozi, akaulaza mkono wake kando ya ule wa mzee mpaka ncha za vidole zikagusana, hakuna uliompita mwenzake. "Mabega ya Mwaitu, kiuno cha Mwaitu. Lakini mikono nilitoa kwako."

Muthama alizipapasa zile ncha za vidole, zake na za binti yake, moja moja, kama anayehesabu. Miaka hiyo yote alikuwa amemtafuta mtoto huyu kwenye vipimo vya marehemu.

"Sikujipima," alisema.

"Kuna akiba ndani ya pindo la mikono," Shamso alijitia katikati, akipenga kamasi kwa ushungi. "Ni nyingi, mimi mwenyewe nilishika. Fungua mshono, Kavata, kitambaa kitashuka."

"Baadaye," Kavata alisema.

Mzee alikuwa amemshika pale palipokuwa wazi, kati ya mwisho wa zambarau na kifundo cha mkono, amekaza kama mtu anayehofia kuibiwa, na alikaza hivyo muda mrefu bila kuachia. Kavata, aliyepoteza mwaka mzima kwa ajili ya mikono isiyojua kuachia, alisimama akamwacha ashike.